Kope fupi zilizolala, ngozi ya mafuta, na kutawadha kazini: nichukue maskara gani?

Mchaichai wa Tanga

Assalam aleikum dada na shoga zangu, na habari za humu kwa wote. Naomba msaada wa maskara, na naomba mnisome mpaka mwisho, maana kila nikiuliza dukani jibu ni lile lile: "Chukua hii, ndiyo inayokwenda."

Kope zangu ni fupi, zimenyooka, tena zimelala kuelekea chini. Ukinitazama mbele huzioni kabisa. Ukinitazama ubavuni ndiyo unaziona zimeinamia jicho kama kibaraza. Ngozi yangu ni ya mafuta, hasa paji la uso na juu ya macho. Nafanya kazi benki hapa Tanga, nakaa dirishani, natazamana na watu kutwa nzima, kwa hiyo uso wangu nautunza.

Nikipaka maskara saa moja asubuhi, ikifika saa tano nina weusi chini ya macho. Halafu saa sita na nusu nakwenda kutawadha kwa Adhuhuri. Nina kichupa kimoja cha sokoni, cha elfu tano, brashi yake nene mno, inachafua ngozi kabla haijafika kwenye kope. Na nina kingine nilicholetewa na dada yangu kutoka Muscat, kimeandikwa Waterproof, yaani isiyoingia maji. Hicho kinasimamisha kope zangu uzuri na hakishuki mpaka jioni, ila hakitoki! Nasugua msalani mpaka macho mekundu na bado natoka na wasiwasi, udhu wangu umetimia au haukutimia.

Na kuna jingine. Mdogo wangu anaolewa Mfunguo Pili. Siku ile nitalia, najijua. Nataka kitu cha siku ile na kitu cha kazini, na kama kipo kimoja cha kufaa kote niambieni. Mwenye kujua kazi hii anisaidie.

---

Nyali kwa upepo

Dada pole. Mimi niko Mombasa, joto letu ni hilo hilo. Maskara nimeachana nayo zamani. Tukipakwa hina na piko za harusi, huyo huyo mpakaji namwambia anipitishie piko kidogo kwenye kope. Hukaa wiki mbili tatu, ni rangi tu haina gamba, hakuna la kuvua wakati wa kutawadha. Jaribu uone.

---

Mpambaji wa Ng'ambo

Waaleikum salaam Mchaichai, mwanangu. Mimi napamba mabibi harusi hapa Unguja, kazi niliyoipokea kwa mama yangu mdogo, na suala lako ni lile wanaloniletea wasichana kila msimu wa ndoa. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu umeuliza vizuri, umesema kope zako zilivyo na siku yako inavyokwenda. Ukija kwangu bila hayo mawili, siwezi kukuchagulia kitu.

Kwanza, mwanangu wa Nyali, nakuomba sana: piko isikaribie jicho. Wako humu wenye elimu ya macho, watakueleza. Mimi nimeona mkono wa bibi harusi uliotoka malengelenge kwa piko, ndoa iko mlangoni, na ngozi ya mkono ni nene kuliko ya jicho mara nyingi. Acha kabisa.

Sasa kope zako. Ufupi si tatizo lako kubwa. Tatizo ni kulala. Kope fupi iliyosimama inaonekana, kope ndefu iliyolala haionekani. Kwa hiyo kitu chako cha kwanza kununua si maskara, ni kibano cha kukunjia kope, kile cha chuma chenye vishikio vya mkasi na kipande cha mpira mdomoni. Tazama kwenye kioo ukiwa umeshusha macho, ingiza kope zote mdomoni mwa kibano, hakikisha hakijashika ngozi. Bana shinani polepole, hesabu mpaka tano, legeza. Sogea katikati ya ukope, bana tena kidogo. Malizia nchani. Ukibana mara moja kwa nguvu, ukope unavunjika pembe na unaonekana umevunjika. Ukibana mara tatu kwa wepesi, unapinda. Na ukunje kope zikiwa safi na kavu, kabla ya maskara, kamwe si baada. Maskara iliyokauka hunata kwenye mpira, ukivuta kibano unavuta na kope. Mpira ukichanika badilisha, kwa sababu chuma kikigusa ukope kinaukata.

Baada ya hapo ndiyo tuzungumze maskara, na hapa unapaswa kujua ndani ya kile kichupa mna nini. Maskara ya kawaida ni nta, rangi nyeusi na maji. Nta ya nyuki, nta ya mti wa karnauba, na unga mweusi ambao mara nyingi ni oksidi ya chuma. Yale maji yanalowesha ukope. Ukope ulionyooka kwa maumbile, ukishalowa, unarudi ulivyozaliwa. Umekunja vizuri, umepaka, baada ya dakika kumi zimelala tena. Ile ya Muscat inakusimamishia kwa sababu haikutengenezwa kwa maji. Nta yake imeyeyushwa kwenye kimiminika kinachoruka haraka, kope haipati nafasi ya kulowa, inakauka ikiwa imepinda. Ndiyo maana sisi wapambaji tunaipenda kwa kope zilizolala, hata kama siku hiyo hakuna machozi wala mvua.

Lakini wewe unatawadha. Nilivyosomeshwa, na wengi wetu wa pwani ni Shafi, kope ni katika uso, na maji lazima yazifikie. Rangi tupu haina neno, ndiyo hina haizuii udhu. Gamba linazuia. Ile isiyoingia maji ni gamba, na jina lake linakwambia wazi. Kwa hiyo wasiwasi wako si wa bure, na usiuzime. Mtu akikwambia "Mungu anaelewa, sali tu," mpe pole, wewe fuata njia ya kuupata udhu wako na kope zako zikiwa nzuri. Njia hiyo ipo.

Na weusi wa saa tano? Huo hauletwi na maji, unaletwa na mafuta. Nta huyeyuka kwa mafuta. Ngozi yako ya juu ya jicho inatoa mafuta, wewe unapepesa macho, kope zinagusa ngozi, na joto la Tanga linamalizia kazi. Hata isiyoingia maji ina udhaifu huu huu, ila inachelewa. Watu hununua zenye nguvu zaidi na zaidi kwa kudhani wanapigana na jasho, kumbe adui ni krimu waliyojipaka asubuhi. Wewe usipake krimu nzito wala mafuta karibu na jicho kabla ya kwenda kazini. Paka usiku. Asubuhi gusa poda isiyo na rangi, kidogo sana, chini ya jicho na juu yake. Na kope za chini ziache bila maskara siku za kazi. Hilo peke yake litakupunguzia weusi kuliko kubadilisha vichupa.

Ipo aina ya tatu ambayo dukani hukutajiwa. Hii haina nta ya kutegemea. Inaganda kuuzunguka kila ukope kivyake, kijifuko chembamba. Kwenye kasha utaona neno tubing. Mafuta ya ngozi hayaiyeyushi, kwa hiyo haiachi weusi. Jasho haliigusi. Ukitaka kuitoa, unalowesha macho kwa maji ya uvuguvugu wa kuoga mtoto, unakamata kope kwa vidole taratibu, na vile vijifuko vinateleza vizima vizima, vyeusi vidogo vidogo mkononi. Hakuna kusugua. Kwa ngozi yako ndiyo nzuri kupita zote. Kasoro yake kwako ni moja: bomba la kazini linatoa maji baridi, na kwa maji baridi haitoki sawasawa. Nayo ni gamba.

Basi mimi ningekupangia hivi. Siku za kazi unazosali, tumia inayotoka kwa maji, kwenye kasha huandikwa Washable, yenye brashi nyembamba. Asubuhi kunja, paka mkono mmoja mwembamba. Wakati wa Adhuhuri unaitoa kwa maji na sabuni kidogo ya uso, unatawadha umetulia, unasali, kisha unakunja upya na kupaka mkono mmoja tena. Kibano na kichupa vikae mkobani, kazi yote ni dakika tano. Itakuvusha mpaka unafunga hesabu, Alasiri unaikuta karibu na nyumbani. Siku zako za mapumziko ya swala, vaa ile ya vijifuko, utoke nyumbani asubuhi usiifikirie mpaka usiku. Na ya Muscat itunze kwa ajili ya harusi.

Kuhusu brashi, maana hapo ndipo kile cha sokoni kilipokuangusha. Brashi nene imetengenezwa kwa kope ndefu, ipate nafasi ya kujaza. Kwa kope fupi, nywele za brashi zinafika kwenye ngozi kabla ya shina la ukope. Tafuta brashi nyembamba, nywele zake fupi, au ile ya plastiki yenye meno madogo ya kitana, inayotenganisha. Iliyopinda inasaidia kope zilizolala kwa sababu inazikamata zote kwa pamoja na kuzisukuma juu. Yenye kiuno katikati waachie wenye kope ndefu na chache. Makasha mengi yana picha ya brashi, kwa hiyo huna haja ya kufungua. Kile kichupa cha waridi na kijani cha Maybelline, Great Lash, kiko sokoni tangu 1971, na brashi yake ndogo ndiyo sababu mpaka leo wapambaji wengi wanacho mkobani. Kwa kope fupi ni mahali pazuri pa kuanzia, ila angalia unachukua ile ya kawaida, kwa sababu ipo pia isiyoingia maji, na vichupa vinafanana.

Kupaka nako kuna namna yake. Futa brashi kwanza kwenye karatasi laini, kwa sababu inatoka imebeba zaidi ya unachohitaji. Anzia shinani, tikisa kidogo kulia na kushoto, kisha vuta juu. Kwa zilizolala uzito ni adui: mkono wa pili na wa tatu unazivuta chini. Mmoja mwembamba kote, na kama unataka zaidi, nchani tu, ncha za pembe ya nje. Na usiisukumesukume brashi ndani ya kichupa. Unaingiza hewa, maskara inakauka kabla ya wakati wake.

---

Mchaichai wa Tanga

Shukrani sana bi mkubwa, nimesoma mara mbili na nimeinukuu. Sikujua kabisa kwamba maji ya ndani ya maskara ndiyo yanayolaza kope. Na nimefarijika kwa neno lako la udhu.

Naomba niongeze. Moja, ile ya Muscat nikiipaka kwenye harusi, naitoaje bila kujiumiza? Pili, nitajuaje kichupa si bandia au hakijapitwa na wakati, maana pale sokoni vingine viko wazi, watu wanajaribia machoni pale pale. Na mafuta ya nyonyo, kweli yanarefusha kope? Mama yangu ananisisitiza nipake kila usiku.

---

Muuguzi wa macho, Moro

Dada Mchaichai, nafanya kazi kliniki ya macho, nijibu yale ya upande wangu, na lile la kwanza mpambaji atalimalizia vizuri kuliko mimi.

Nianze na piko kwa sababu ndilo lililonifanya nijiunge na mazungumzo haya. Piko ni rangi ya nywele, na kiini chake ni kemikali iitwayo parafenilinidayamini. Kwenye ngozi peke yake inaweza kuleta malengelenge makali. Kwenye jicho inaweza kuunguza kioo cha mbele cha jicho. Hili halitokani na woga wangu. Mwaka 1933 huko Marekani iliuzwa rangi ya kope na nyusi iitwayo Lash Lure, yenye kemikali hii hii. Wako wanawake waliopofuka, na angalau mmoja alifariki. Wakati ule serikali haikuwa na sheria ya kuiondoa dukani. Visa hivyo ni miongoni mwa mambo yaliyosukuma kupitishwa kwa sheria yao ya chakula, dawa na vipodozi ya 1938. Dada wa Nyali, kama umepaka mara kadhaa na hujadhurika, tafadhali usichukue hiyo kuwa ni usalama. Mzio wa kemikali hii hujengeka, mara nyingi mtu hudhurika mara ya kadhaa, si ya kwanza. Na mpakaji anayekubali kukupitishia karibu na jicho, mwambie asimfanyie mtu mwingine.

Sasa vichupa vilivyo wazi sokoni. Usiviguse. Brashi iliyopita kwenye jicho la mtu na kurudi kwenye kichupa chenye giza na unyevu inaotesha bakteria. Tunapokea wagonjwa wa chokea na wa macho mekundu yenye matongo, na tukiuliza, maskara ni ya kugawana na dada au na wenzake wa bweni. Maskara haigawanwi, hata na pacha wako. Ukipata chokea au jicho jekundu, acha kupaka mpaka upone, na kile kichupa ulichokuwa ukitumia kitupe. Najua inauma kutupa kitu cha hela nyingi. Kitupe.

Kwenye kasha tafuta alama ya kopo dogo lililofunguliwa, ndani yake pameandikwa 3M au 6M au zaidi. Ni miezi tangu siku ulipofungua. Kwa maskara mimi nasema mitatu, sita ikizidi sana, hata kama bado imejaa. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu ubavuni. Ikianza kunuka tofauti, kukauka au kumeguka, muda wake umekwisha. Na wale wanaotia maji au mate ili ilainike, nawasihi waache, kwa sababu wanapunguza nguvu ya vihifadhi na kuongeza vijidudu kwa pamoja.

Kuhusu bandia: kasha la kweli lina jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe, na orodha ya viambato. Bara vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019, kabla ya hapo ilikuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Zanzibar ni ZFDA, Kenya ni KEBS. Kwenye orodha ya viambato angalia neno thimerosal. Hiyo ni zebaki inayotiwa kama kihifadhi, na vipodozi vya macho ndivyo vilivyoachiwa kwa miaka mingi kuitumia hata pale zebaki ilipokatazwa kwenye krimu. Marekani kiwango cha juu ni sehemu 65 kwa milioni, na jimbo la Minnesota liliipiga marufuku kwenye maskara tangu 2008. Ukiliona neno hilo, rudisha kichupa rafuni.

Mafuta ya nyonyo: mama ana nia njema. Hayarefushi kope. Yanazifanya ziwe laini na zing'ae, na ziking'aa zinaonekana nyingi. Ukiyataka, paka usiku, kidogo sana, kwa usufi, yasiingie jichoni. Asubuhi nawa vizuri kwa sababu mpambaji ameshakwambia mafuta yanafanya nini kwenye maskara. Dawa iliyothibitika kurefusha kope ni bimatoprost, ambayo ilianza kama dawa ya presha ya macho. Waliona wagonjwa wanaota kope ndefu, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaikubali kwa ajili ya kope. Ni ya kuandikiwa na daktari. Inaweza kufanya ngozi ya kope iwe nyeusi zaidi na jicho kuwa jekundu, kwa hiyo usiinunue mtandaoni kwa mtu usiyemjua.

---

Lenzi na lami

Naomba kuongezea kwa wanaovaa lenzi za macho: vaa lenzi kwanza ndiyo upake, na jioni vua lenzi kwanza ndiyo utoe mekapu. Epukeni zile maskara zenye vinyuzi vya kurefusha. Vile vinyuzi vinadondoka na kuingia chini ya lenzi, maumivu yake siwezi kuyaeleza. Mimi hiyo ya vijifuko aliyoitaja mpambaji ndiyo imeniokoa.

---

Mpambaji wa Ng'ambo

Muuguzi, Mungu akuzidishie. Lile la kugawana nimelipigia kelele miaka yote. Mimi kwa bibi harusi situmbukizi brashi ya kichupa jichoni. Nina brashi ndogo za kutupa, kila mtu na zake, na sirudishi kichupani brashi iliyokwisha kugusa jicho. Mchaichai, siku ya harusi mkipambwa wengi kwa mpambaji mmoja, mtazame mikono. Akipita na brashi moja kutoka jicho la huyu kwenda la yule, mwambie kwa adabu utajipaka mwenyewe kwa kichupa chako.

Sasa kutoa ile isiyoingia maji. Mafuta ndiyo yanayoishinda, na sisi wa pwani tunayo jikoni. Mafuta ya nazi, safi, ya dukani yaliyochujwa vizuri, si yale yenye chicha. Kwa joto letu hayagandi, yako tayari wakati wote. Chovya pamba, ikamue isidondoke, ilaze juu ya jicho lililofumbwa. Halafu tulia. Usisugue, hesabu mpaka thelathini. Nta inayeyuka yenyewe. Kisha vuta pamba kuelekea chini, kwa njia ya kope zinavyoota, mara moja. Geuza upande safi, rudia. Shinani malizia kwa kijiti cha pamba. Baada ya hapo nawa kwa sabuni laini ya uso mpaka utelezi uishe, kwa sababu ukilala na mafuta yale utaamka unaona ukungu, na kesho maskara haitashika. Macho yako yalikuwa yanakuwa mekundu kazini kwa sababu ulikuwa unaitoa kwa maji kitu kilichotengenezwa kushinda maji.

Na siku yenyewe ya ndoa, panga wakati. Kama nikaha ni baada ya Alasiri, tawadha na sali kwanza, ndiyo ukae kwenye kiti. Ukiweza kuuhifadhi udhu wako mpaka Magharibi, vizuri. Usipoweza, chukua ile pamba na mafuta ya nazi kwenye kichupa kidogo mkobani, utoe, utawadhe, usali, na kwenye ukumbi wa wanawake upake upya. Watu wengi wanaona uzito wa hili, lakini nimewavua na kuwavisha upya mabibi harusi kati ya Magharibi na Isha wakatoka wazuri vile vile.

Kwa machozi: isiyoingia maji juu tu. Chini weka wanja kidogo wa penseli kama unataka, au acha tupu. Wanja wa manga wa unga nakushauri uuache siku hiyo, na siku nyingine ujue umetoka wapi, kwa sababu baadhi yake una madini ya risasi. Machozi yakija usipanguse kwa kiganja. Kunja kona ya kitambaa, iguse kwenye pembe ya ndani ya jicho, inywe maji. Ukipangusa kwa kwenda pembeni hata maskara ya bei gani itahama.

Rangi hukuuliza ila nakwambia: kwa ngozi ya maji ya kunde mpaka nyeusi, na macho yetu meusi, chukua nyeusi kabisa. Buluu na zambarau ni nzuri kwa picha za jioni, dirishani benki hazikusaidii.

---

Nyali kwa upepo

Nimesoma ya muuguzi nikakaa kitako. Nimemwandikia mpakaji wangu sasa hivi, nikamtumia maneno hayo yote. Ahsante. Bi mkubwa, mimi basi nianze na ipi? Kope zangu si fupi, ni ndefu ila chache, zinahesabika.

---

Mpambaji wa Ng'ambo

Wewe ndiye wa brashi yenye kiuno katikati, mwanangu. Kope ndefu chache hazihitaji kurefushwa, zinahitaji kunenepeshwa shinani, na ile brashi inaingia pale. Tafuta kasha lililoandikwa Volume, na uiweke brashi shinani muda mrefu kuliko nchani. Ukipaka nchani sana zitashikana ziwe tano. Kama na wewe unasali, ushauri wa Washable ni ule ule.

---

Mchaichai wa Tanga

Alhamdulillahi. Kibano nimeshakipata leo, duka la njia ya stendi, na nimehakikisha mpira wake mzima. Nimekunja kope bila maskara yoyote nikaenda dirishani, mwenzangu wa dirisha la pili kaniuliza nimelala vizuri au vipi. Kesho natafuta Washable yenye brashi ndogo.

La mwisho, bi mkubwa, ni la mama. Ana zaidi ya miaka sitini, kope zimebaki chache, na anataka kupendeza siku ya mwanawe. Macho yake hutoa machozi upesi, na anatumia matone ya presha ya macho.

---

Mpambaji wa Ng'ambo

Mama umwekee kahawia, si nyeusi. Kwa umri ule nyeusi inaonesha kila pengo, kahawia inaficha. Ya vijifuko ndiyo bora kwake, kwa sababu haimeguki ikaingia jichoni na haitaki kusuguliwa wakati wa kuitoa. Nyumbani mna maji ya moto. Mkono mmoja, kope za juu tu, na kibano umwekee kwa wepesi sana au umwachie bila. Matone yake ayatie mapema, akae kama robo saa, pembe za macho zikauke ndiyo upake. Na mumuulize daktari wake wa macho kabla ya siku hiyo, si asubuhi ya harusi.

---

Muuguzi wa macho, Moro

Naunga mkono. Na kama matone yake ni ya jamii ile ya bimatoprost au latanoprost, mtazame kope vizuri kabla ya kununua chochote. Huenda zimeanza kurefuka zenyewe.